Nimeirudia The Long Night: giza nimelisamehe, kifo cha Night King bado

Mtoto wa Baridi
Wakuu, salaam. Ambaye hajaimaliza tamthilia ya Game of Thrones mpaka leo aupite uzi huu, maana humu hakuna uhondo utakaobaki salama.

Nimeirudia The Long Night, episodi ya tatu ya msimu wa nane, ile ya vita vya ngome ya Winterfell iliyorushwa tarehe 28 Aprili 2019. Ilipotoka nilifanya kama wengi wenu, nikakodoa macho mpaka yakatoa machozi, nikatukana giza, nikalala. Safari hii nimezima taa zote, kioo kikubwa, pazia chini. Dakika zote 82 nimeziona vizuri. Na ndiyo kwanza nikakasirika upya, kwa sababu nyingine kabisa.

Hoja yangu ni Night King, mfalme wa jeshi la wafu. Mara ya kwanza tulimwona msimu wa nne, anamgusa shavuni kichanga cha Craster kwa ncha ya ukucha, macho ya mtoto yanageuka bluu. Msimu wa tano kule Hardhome ananyanyua mikono taratibu, maiti wote wanasimama, Jon, staringi wetu, yuko kwenye mtumbwi anamtazama tu. Msimu wa sita tukaoneshwa alivyotengenezwa. Wa saba akamwangusha joka kwa mkuki mmoja. Miaka yote hiyo tunatishiwa baridi inakuja, baridi inakuja. Ikaja. Ikakaa usiku mmoja, kisu kimoja tumboni, kwisha habari yake. Hajatamka neno. Hatujui alitaka nini. Halafu episodi tatu zilizobaki watu wanarudi kugombea kiti cha enzi.

Simlaumu Arya aliyemchoma. Nauliza, nani alipaswa kummaliza, na waandishi walikuwa wanakimbilia wapi? Karibuni.

Jini Kisirani
Nimekaa mkao wa kula. Anzeni.

Dada wa Kaskazini
"Hatujui alitaka nini." Mkuu, umeirudia ya tatu ukairuka ya pili? Usiku wa kuamkia vita, wote wamezunguka meza, Bran, mdogo wake Arya anayeona yaliyopita yote, anasema waziwazi: anataka kuufuta ulimwengu, usiku usiokwisha, na Bran ndiye kumbukumbu ya ulimwengu huo, kwa hiyo lazima aanze naye. Sam akaongezea kwamba kifo chenyewe ndicho hicho, kusahau na kusahauliwa. Ni mazungumzo mazuri kuliko nusu ya msimu mzima. Halafu unakuja kutwambia hatukuambiwa.

Mtoto wa Baridi
Dada, nimeiona. Kuambiwa mezani na Bran kwa sauti ya mtu anayesinzia si sawa na kuoneshwa. Haya, zile alama za mzunguko? Yule mtoto wa ukoo wa Umber aliyebandikwa ukutani episodi ya kwanza, mikono na miguu imepangwa duara, nani kaielezea? Tumepewa fumbo, tukanyang'anywa jibu.

Dada wa Kaskazini
Zile alama za watoto wa msituni, walizitumia wakati wanamtengeneza. Anawaigiza waliomuumba. Nani kasema kila kitu kielezwe?

Kamanda Mstaafu
Wote mnagusa majani, mzizi ni vita yenyewe. Nielezeni nani alipanga hili jeshi. Wapanda farasi wa Dothraki wanatumwa mbele gizani kumshambulia adui wasiyemwona, asiyeogopa farasi, asiyechoka. Mitambo ya kurusha mawe imewekwa nje, mbele ya askari wa miguu, inarusha mara chache kisha inamezwa. Handaki la moto liko nyuma ya jeshi badala ya kuwa mbele. Yaani mtu ana ngome yenye kuta, ana handaki, halafu anawatoa watu wake wote nje waende kufia uwanjani.

Mimi si mtaalamu wa majoka, lakini ukiwa na majoka mawili na adui amejipanga mstari, kazi ni moja tu.

Hodari Hodi
Kamanda, mpango haukuwa kushinda uwanjani. Walisema wenyewe jeshi lile haliwezekani. Mpango ni Bran awe chambo kwenye bustani ya mti mweupe, Night King ajitokeze, Jon na malkia Daenerys washuke na majoka wammalize. Uwanjani ni kuvuta muda. Aliyeharibu ni Daenerys, aliona Dothraki wake wanazimika akashindwa kuvumilia, akaruka na joka lake Drogon. Jon anamwambia Night King anakuja, yeye anajibu wafu wameshafika. Pale ndipo mpango ulipokufa.

Kamanda Mstaafu
Kuvuta muda kwa kumwaga wapanda farasi wote dakika za mwanzo? Hao wangevuta muda wa kunywa maji.

Kiberenge
Kamanda, ukiwaondoa Dothraki mbele umefuta kipande bora kuliko vyote kwenye hiyo episodi, na mimi sikubali.

Hebu kikumbuke. Kimya. Melisandre, yule kuhani mwekundu, anatokea gizani peke yake juu ya farasi, anamwambia Jorah awaamuru wainue panga zao. Anaushika upanga mmoja, anaomba kwa lugha ya Valyria, na ghafla safu nzima inawaka, panga elfu na elfu. Uso wa kila mtu ukutani unafunguka, mpaka wewe uliyekaa kwenye kochi unaanza kuamini. Wanaondoka kwa kelele, Ghost, mbwamwitu wa Jon, yumo. Halafu kamera inabaki nyuma na waliosubiri. Haituoneshi hata pigo moja. Tunaona vitaa kwa mbali vinaingia kwenye ukuta mweusi, vinapungua, vinapungua, cha mwisho kinazimika. Sauti inakatika. Kisha farasi wanarudi bila watu.

Hata wafu hatujawaona bado na tumeshashindwa. Ukitaka mkakati mzuri kasome vitabu vya kijeshi, mimi naomba kuogopeshwa.

Sindano
Kiberenge kula tano. Na ndiyo maana giza lilihitajika. Kipande hicho ukikiwashia taa kinakuwa mashindano ya mbio za farasi.

Mgeni Njoo
Mimi sikuona Dothraki wala vitaa. Niliona sura yangu kwenye kioo kwa saa nzima na dakika zake. Nilidhani runinga imekufa, nikawa napapasa nyaya.

Fundi Pikseli
Naona tumefika eneo langu. Kazi yangu ya kila siku ni kuandaa video kwa ajili ya intaneti, kwa hiyo kwenye hili la giza niacheni nimwage kidogo.

Mpiga picha mkuu, Fabian Wagner, aliulizwa sana baada ya ile wiki. Akajitetea kwamba haikuwa giza kupita kiasi, yeye ndiye aliyeipiga, anajua alichopiga. Akawatupia lawama watazamaji wasiojua kurekebisha runinga zao, na pia jinsi picha inavyobanwa inaposafirishwa. Watu walimrukia kwa lile la runinga, lakini la kubanwa lina ukweli mkubwa.

Iko hivi. Video haitumwi nzima, ingekuwa kubwa mno. Programu inaibana kwa kutupa vitu ambavyo inadhani jicho halitavikosa, na mahali pa kwanza inapobania ni kwenye giza. Inaona eneo jeusi, inasema hapa hapana kitu, inalipaka rangi moja. Sasa kama eneo hilo jeusi lina watu elfu wanapigana, kila mmoja ametofautiana na mwenzake kwa weusi mdogo sana, unapata vile vibonge vya mraba vinavyotembea kama vigae. Pili, ubanaji unategemea picha inayofuata ifanane na iliyopita, ili itume mabadiliko tu. Theluji inayopeperuka, moshi na mwanga wa mienge havifanani sekunde mbili mfululizo. Hii episodi ina vyote vitatu pamoja, gizani. Mtu akikaa makusudi kubuni video ya kuitesa mitambo atatoa The Long Night.

Ongeza kioo chako. Vioo vingi vina taa nyuma yake, taa hiyo inavuja, kwa hiyo nyeusi inakuwa kijivu na kila kitu kinazama humo. Vile vya OLED kila nukta inajiwashia na kujizimia yenyewe, nyeusi ni nyeusi kweli. Na ile hali ya kuokoa umeme inayopunguza mwanga wenyewe kila picha ikiwa nyeusi, izimeni jamani.

Ukiiangalia kwenye diski ni kama episodi nyingine. Kinachomwagika kwa sekunde moja kutoka kwenye diski ni kingi mara nyingi kuliko kinachokuja kwa intaneti.

Shangazi Olenna
Asante fundi. Ila swali la kishangazi: huyu Wagner hakujua kwamba sisi tutaiangalia kwa intaneti? Mpishi hawezi kupika kwa ajili ya ulimi wake peke yake.

Fundi Pikseli
Shangazi, hapo mimi niko upande wako. Anakaa chumba maalumu chenye kioo maalumu. Nami kabla sijatuma kazi huwa naifungulia kwenye simu ya hovyo kuliko zote ofisini.

Mgeni Njoo
Simu ya hovyo kuliko zote ndiyo niliyonayo mimi. Nilijifunika blanketi gubigubi ndipo nikaanza kuona vivuli. Jasho lilinitoka. Mpaka leo sijui Edd alikufaje.

Dada wa Kaskazini
Edd alimwokoa Sam, akachomwa akiwa amempa mkono kumnyanyua. Wa kwanza kati ya tunaowajua.

Hodari Hodi
Halafu mnajua ile kazi ilivyofanyika? Usiku 55 wa kupiga picha za nje, kwenye seti ya Winterfell kule Moneyglass, Ireland ya Kaskazini. Wiki 11 watu wanaamka jioni, wanalala alfajiri, matope na mvua. Kwa hiyo sura mnazoziona zimechoka, nyingine si uigizaji.

Shangazi Olenna
Nalo giza wakalirudia. House of the Dragon, tamthilia ya mababu wa Daenerys, msimu wa kwanza, episodi ya saba, 2022, wana wa Rhaenyra na wa Laena wanapigana usiku na Aemond nami sioni nani kang'olewa jicho. Mwongozaji ni huyuhuyu wa The Long Night, Miguel Sapochnik. Watu walipolalamika kampuni ya HBO ikajibu kwamba ni uamuzi wa kisanaa wa makusudi. Makusudi!

Jini Kisirani
Shangazi ana orodha ya visasi.

Msomavitabu
Turudi kwa mleta uzi. Kuna jambo wengi hamlijui au mmelisahau. Kwenye vitabu vya George R. R. Martin hakuna Night King. Kuna hadithi ya kale ya Night's King, aliyekuwa kamanda wa 13 wa walinzi wa Ukuta, akampenda mwanamke mweupe mwenye baridi ya maiti, akajitangaza mfalme, hadi Stark wa Winterfell akaungana na Joramun wa ng'ambo ya Ukuta kumwangusha. Hadithi tu, ya zamani mno. Huyu mwenye mapembe, anayewaongoza White Walkers wote, wale makamanda wa barafu wanaofufua wafu, na akifa wanakufa wote, ni wa runinga.

Kwa hiyo waandishi walijitengenezea adui mwenye kitufe kimoja cha kuzimia. Walimhitaji kwa sababu runinga inataka sura, huwezi kupigana na majira ya baridi. Lakini ukishampa tishio sura moja na roho moja, lazima mwisho uwe mtu mmoja anamchoma. Tatizo lilianza msimu wa nne, si wa nane.

Mtoto wa Baridi
Hapo umeniacha na la kuwaza. Ila kitufe kilionekana msimu wa saba, episodi ya sita. Jon anaua White Walker mmoja, wafu aliowafufua yeye wanaanguka palepale.

Msomavitabu
Ndiyo, msimu wa saba ni kutangaza sheria. Walikuwa wameshaamua.

Kiberenge
Msomavitabu, na kitabu chako cha sita vipi? Cha mwisho kilitoka 2011.

Msomavitabu
Tusiguse vidonda.

Sindano
Sasa nani alipaswa kummaliza. Mnaosema Arya ametokea hewani hamkuwa mnaangalia. Tuanze. Mwalimu wake wa upanga, Syrio Forel, msimu wa kwanza anamfundisha Arya jinsi ya kumjibu mungu wa kifo: si leo. Melisandre msimu wa tatu anamshika uso na kumwambia anaona macho atakayoyafumba milele, ya kahawia, ya bluu, ya kijani, na kwamba wataonana tena. Kile kisu cha chuma cha Valyria kilitumwa kumuua Bran msimu wa kwanza, kikazunguka mpaka kwa Littlefinger, kikarudi kwa Bran, Bran akampa Arya chini ya mti uleule. Bran anajua yote, alimpa kisu bure?

Episodi hiyohiyo anafanya mazoezi na Brienne, anakiachia kisu kutoka mkono mmoja na kukidaka na mwingine. Ndiyo mbinu aliyomalizia nayo. Msimu wa nane episodi ya kwanza anamtokea Jon nyuma yake kwenye bustani ileile na Jon anamuuliza umeninyemelea vipi. Wamekuwekea mezani, unataka wakulishe?

Kunguru Mmoja
Sindano, subiri. Nyongeza kwenye macho. Msimu wa tatu mpangilio ni kahawia, bluu, kijani. Kwenye vita Melisandre anarudia maneno lakini ameyapanga upya: kahawia, kijani, bluu, ili bluu iwe ya mwisho na ikae kidogo. Umeona mchezo? David Benioff, mmoja wa waandishi wakuu, mwenyewe alisema baada ya episodi kwamba walikuwa wamejua ni Arya kwa takriban miaka mitatu. Toa mitatu kutoka 2019. Msimu wa tatu ni 2013. Hawakuwa na wazo lolote wakati Melisandre anayasema yale. Walirudi nyuma, wakaokota mstari, wakausugua ung'ae.

Sindano
Na kisu je? Kisu alipewa msimu wa saba, 2017, walikuwa wanajua. Hicho kimepandwa makusudi. Hata wakiokota mstari wa zamani, kosa liko wapi? Kila mwandishi wa hadithi ndefu anaokota vyake vya nyuma.

Kunguru Mmoja
Kosa ni kwamba miaka yote mliambiwa kuna mteule, Azor Ahai, mwana wa mfalme aliyeahidiwa. Stannis alichoma binti yake kwa ajili ya huo unabii. Jon alifufuliwa. Halafu siku ya siku Jon yuko nyuma ya kifusi anampigia kelele joka bovu.

Hodari Hodi
Mkikumbuka Jon alipigania nini tangu msimu wa kwanza, adui yake alikuwa huyu. Arya hakuwahi hata kumwona Night King kabla ya usiku ule. Kisasi si chake. Mwenye kisasi, Jon, angepata hata sekunde ya kupigana naye. Walitazamana uwanjani, Jon akaanza kukimbia, jamaa akanyanyua mikono kama Hardhome, basi. Hiyo nayo wakaiacha hewani.

Dada wa Kaskazini
Mimi naona ndiyo raha yenyewe. Staringi unayemtarajia anazuiwa, na mtoto mdogo ambaye kila mtu amemsahau kwa dakika ishirini ndiye anaruka. Maisie Williams anayemwigiza Arya mwenyewe alisema alihofia watu wataichukia. Mimi nilipiga kelele mpaka nyumba nzima ikaamka, mama akaja na mwiko mkononi akidhani kuna mwizi.

Jini Kisirani
Mama alimuuliza Night King maswali mangapi?

Dada wa Kaskazini
Alikaa akaangalia mpaka mwisho. Akasema "sasa huyu mtoto alipita wapi?" Sina jibu mpaka leo.

Kamanda Mstaafu
Mama ana akili kuliko wote humu. Alipita wapi?

Mtoto wa Baridi
Hebu tulijibu hilo. Bustani imezungukwa na wafu, White Walkers wamesimama mstari. Arya mara ya mwisho tumemwona kwenye ukumbi na Melisandre, anakimbia. Anatokea hewani nyuma ya Night King. Alipita wapi?

Sindano
Kuna kipande cha nusu sekunde, mtazameni White Walker mmoja, nywele zake zinapeperuka kama kuna kitu kimepita. Anageuza kichwa kidogo. Ndiye huyo. Alipita katikati yao kwa mbio. Amefundishwa Braavos kupita gizani, alikuwa kipofu kule. Na kumbukeni maktaba, mlango kwa mlango chini ya meza anawakwepa wafu, mpaka tone la damu yake mwenyewe linaanguka sakafuni na mfu anageuka. Kipande kile kipo ili tujue anaweza, na kwamba nusura asiweze.

Kiberenge
Mimi niko kundi la Jon. Yule aliyesimama mbele ya joka Viserion akapiga kelele hakuwa amekata tamaa, alikuwa analivuta joka limtazame yeye ili Arya apite. Tena wapo wanaosikia neno "nenda" kwenye kelele ile.

Kunguru Mmoja
Chai. Hiyo ni kelele ya mtu aliyechoka na maisha. Na Jon yuko nyuma ya kuta, Arya hatumwoni popote karibu.

Kiberenge
Na wewe ulimwona wapi? Hakuna aliyemwona popote. Ndiyo hoja.

Msomavitabu
Wengine wanadai alivaa uso wa mfu, elimu ya Wasio na Uso, wale wauaji waliomfundisha Braavos. Lakini anaporuka ni uso wake, hakuna anachovua.

Shangazi Olenna
Aliruka kutoka kwenye mti. Mti si upo hapo?

Kamanda Mstaafu
Shangazi, mti uko nyuma ya Bran, yeye katokea nyuma ya Night King. Ni pande mbili tofauti.

Shangazi Olenna
Basi aliruka kutoka mti mwingine. Bustani ina mti mmoja?

Jini Kisirani
Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Mpenda Piano
Salaam. Mnaongea macho tu, hakuna aliyetaja masikio. Dakika za mwisho mapigano yote yananyamazishwa, upanga, mayowe, moto, vyote, inabaki piano ya mtunzi Ramin Djawadi. Wimbo wenyewe ni karibu dakika tisa. Huu mchezo alishatuchezea. Mwisho wa msimu wa sita, Cersei analipua hekalu, ndipo piano iliposikika kwenye tamthilia hii kwa mara ya kwanza. Na waliokuwa hekaluni waliisha wote. Kwa hiyo ilipoanza pale Winterfell, mwili wangu ulijua kabla ya kichwa: wanakwisha wote. Theon anakimbia na mkuki, piano. Jorah anachomwa mara baada ya mara na bado amesimama mbele ya Daenerys, piano.

Halafu inakatika, na Arya yuko hewani. Alitumia kumbukumbu yetu kutudanganya. Mkitaka kujua kwa nini kifo kile kinawagawa watu, wengine walikuwa wameshaaga moyoni.

Mtoto wa Baridi
Hii sikuwahi kuiwaza. Nikirudia tena nitafumba macho.

Mgeni Njoo
Karibu kwenye namna yangu ya kuangalia.

Hodari Hodi
Kuhusu Jorah, Sapochnik alitaka afe pale mwanzoni na Dothraki. Alisema yuko tayari kuwaua karibu wote. Wenye tamthilia wakakataa. Ndiyo maana tunaona Brienne, Jaime, Sam na Tormund wamefunikwa na wafu, kamera inaondoka, ikirudi bado wamo. Sam amelala chali juu ya maiti analia, kisu mkononi, na hafi! Si staringi tu asiyekufa, mpaka mpambe wake hafi.

Kamanda Mstaafu
Hili naunga mkono mikono miwili. Msimu wa kwanza Ned, baba yake Arya na staringi wa wakati ule, alikatwa kichwa tukaelewa hapa hakuna mwenye kinga. Msimu wa nane wamegawiwa kinga mlangoni.

Dada wa Kaskazini
Lyanna Mormont je? Kitoto kile kinabanwa na jitu mpaka mbavu zinalia, kinalichoma jicho, vinaanguka pamoja. Mwigizaji wake, Bella Ramsey, aliletwa kwa kipande kimoja tu msimu wa sita, akawapendeza wakamrudisha. Wamemuaga vizuri.

Kunguru Mmoja
Na kile kikombe cha kahawa mezani, ilikuwa ndiyo episodi hii? Labda kingetumika kama silaha.

Shangazi Olenna
Ni ya nne, tarehe 5 Mei. Kampuni ikatania kwamba Daenerys aliagiza chai ya majani. Wakakifuta baadaye. Kikombe wamekifuta, giza wameliacha.

Fundi Pikseli
Na kwa wanaosema episodi ni takataka: ilichukua tuzo za Emmy za uhariri na za sauti. Msimu mzima uliteuliwa mara 32, ukashinda 12. Sapochnik aliteuliwa kwa uongozaji wa hii hii, akashindwa na Jason Bateman wa Ozark.

Kunguru Mmoja
Na zaidi ya watu milioni moja wakasaini ombi msimu uandikwe upya. Tuzo na saini zote tumeziona.

Msomavitabu
Kabla sijalala, mkufu wa Melisandre, ule unaomfanya aonekane kijana. Mwishoni anauvua, anatembea kwenye theluji kunakucha, anazeeka, anaanguka. Kinapendeza sana. Lakini msimu wa nne yuko kwenye beseni anaoga, hana mkufu, na ni kijana.

Sindano
Mwanga wa kuogea ulikuwa hafifu, muulize Wagner.

Dada wa Kaskazini
Jamani kifo kile msikiguse. Msimu wa saba alimwambia Varys lazima afie nchi hii ya kigeni, na Varys pia. Alirudi akijua. Unaonaje mtu anayetembea kwenda kufa baada ya kazi kwisha, na Davos aliyeapa kumuua kasimama anamtazama tu?

Bado Msimu wa Pili
Habari wakuu, mimi niko msimu wa pili ndo naanza kuinogea. Ned anarudi baadaye? Maana naona wanafufuka fufuka.

Jini Kisirani
Kijana, mstari wa kwanza kabisa wa uzi uliupitaje?

Hodari Hodi
Mpaka hapo ameshajua Jorah, Lyanna, Theon na Melisandre. Hana cha kupoteza, kaa tu mdogo wangu.

Kamanda Mstaafu
Tena dogo kauliza la maana. Wanawake na watoto walifichwa kwenye makaburi ya Stark. Adui ujuzi wake mmoja mkubwa ni kufufua wafu. Episodi nzima ya pili kila mtu anamwambia mwenzake makaburini ni salama, makaburini ni salama. Tyrion yumo humo, mtu anayeitwa mwerevu kuliko wote. Nani aliidhinisha?

Msomavitabu
Wengi walidhani waliozikwa zamani ni mifupa mitupu, haina cha kufufuka.

Kamanda Mstaafu
Walipasua mawe wakatoka!

Bado Msimu wa Pili
Kwa hiyo Ned alitoka au hakutoka?

Kiberenge
Sanamu yake imo humo. Yeye hatukumwona. Ila kulikuwa giza.